Bima ya Mayai ya Nguchiro

Wanyama walipoanza kufungua maduka, Nguchiro alifungua la mayai. Kwa kuwa alijiona mjanja kuliko wote, alimwita Kobe, wakala wa bima, kabla hajauza hata yai moja.

"Nitajie wote unaowahofia," Kobe alisema.

Nguchiro akamtaja Nyoka, akamtaja Kenge, akamtaja Kunguru.

"Hakuna mwingine?"

"Nani tena, mzee wangu? Na mimi mwenyewe nalala humu humu dukani!"

Kobe alimtazama kidogo, akaandika.

Kila asubuhi Nguchiro alionja yai moja, asije akawauzia wateja mayai viza. Siku za mvua alionja matatu. Mwezi haujaisha, trei zote zilikuwa tupu, naye akamwita Kobe amlipe fidia.

"Nyoka aliingia?"

"Hakuingia."

"Kenge je? Kunguru?"

"Hata mlangoni hawakufika," Nguchiro alisema, akijifuta ute sharubuni.

Kobe akakunjua karatasi yake. Mstari wa kwanza, juu ya jina la Nyoka, alikuwa ameuacha wazi.

Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba kalamu, akajaza jina lake mwenyewe.