Zamu ya Ufunguo

Ufunguo wa vyoo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi wa kijani, mwenyekiti wa bodi ya shule alipotoka kikaoni kwa hatua fupifupi, magoti yamebanana.

Bodi yetu tukufu iliamua vyoo vyote vifungwe mpaka kengele ya mapumziko, eti watoto wanajificha humo kukwepa masomo. Ufunguo tunaushika sisi wazazi kwa zamu. Siku walipopitisha uamuzi huo walipigiana makofi, utadhani wamevumbua dawa.

Tangu hapo binti yangu wa darasa la kwanza hagusi chai asubuhi. Juzi alirudi amejifunga sweta kiunoni, jua linachoma, na hakutaka nilifungue.

"Mama, nifungulie haraka," mwenyekiti alisema. Jasho lilikuwa limefika kwenye tai.

"Kengele bado, mheshimiwa."

"Acha utani! Mimi ni mtu mzima."

"Basi utavumilia. Si mlituambia mwenye nidhamu hujizuia?"

Alipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, akayumba, akashika ukuta. Wajumbe wenzake walikuwa wamejazana mlangoni, wanatazama.

"Nakuomba, dada yangu."

Haya, leo nimekuwa dada.

Niliutazama ule ufunguo, naye akautazama. Kisha nikavua sweta langu, nikamkabidhi.

"Jifunge kiunoni," nikamwambia. "Fundo lije mbele. Ndivyo wanavyofanya wenzako wa darasa la kwanza."