Gitaa la Nne

Mwigizaji ameshavunja magitaa matatu, na bado hafanani na baba. Nimechoka! Albamu yangu yote ya roki ilizaliwa siku baba alipolivunja gitaa langu sebuleni kwetu, Nguvumali. Leo tunaigeuza filamu ya nyimbo, na huyu bwana anavunja kama anayepasua kuni.

Baba mwenyewe alikaa pembeni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Basi vunja wewe, baba," nikamwambia kwa hasira. "Si wewe ndiye fundi?"

Akaweka kikombe chini. Akalishika gitaa la nne shingoni, vilevile kama siku ile. Kamera ikawashwa. Badala ya kulivunja, akalishusha taratibu, akanigeukia.

"Shamsiya, mwanangu, nilikosea."

"Kata!" akafoka mwongozaji. "Mzee, hayo hayamo kwenye albamu!"