Mpira Ndani ya Chupa ya Jemu

Tunu alifika uwanjani akihema, mkononi kashika chupa ya jemu yenye petroli. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira alichokilowesha tangu jana. Alikikata kwenye mpira uleule ambao baba yake, Mzee Faki, aliutumia kunyonyea mafuta katika tangi la helikopta yake ndogo ya rimoti.

"Mpira huu umenirushia helikopta yangu ya zamani, ile ya spiriti, miaka kumi," mzee alikuwa amembishia. "Utashindwaje na hii mpya ya petroli?"

Sasa helikopta ilikuwa juu, imegeuka chali, na watu chini wanashangilia.

"Baba, ishushe."

"Nimalizie mzunguko huu."

"Baba, ule mpira!"

Hakugeuka. Macho yalikuwa angani, mikono yote miwili kwenye rimoti. Tunu akatumbukiza vidole kwenye petroli, akakitoa kile kipande na kukilaza juu ya mgongo wa mkono wa baba yake. Kilikuwa kimevimba, kimelegea kama tambi za jana.

Mzee akakitupia jicho.

Juu, injini ikakohoa mara moja, ikaendelea. Mzee akaigeuza wima, akaanza kuishusha taratibu, na watu, wakidhani ni sehemu ya mchezo, wakasogea karibu.