Njiti Moja

Mtafiti wa kuacha sigara alimuuliza fundi Mbwambo hamu humshika lini hasa. Akajibu papo hapo: akimaliza kupiga randa, mwenzake Kihiyo anapowasha njiti. Tangu ujana wao, maseremala hao wawili waliwasha sigara zao kwa njiti moja ya kiberiti.

Jioni hiyo Mbwambo aliweka randa chini. Mkono ukajiendea wenyewe hadi sikioni, alikozoea kuchomeka sigara, ukakuta penseli.

"Yako iko wapi?" aliuliza Kihiyo, sigara mdomoni, njiti imeshawaka.

"Nimeacha, ndugu yangu."

Kihiyo hakucheka. "Sasa mimi nitavuta na nani?"

Walitazamana tu, na moto ukateremka polepole kwenye njiti, kuelekea vidole vya Kihiyo.