Picha ya Febronia

Nilimkuta mke wangu Febronia ukutani, mrefu kuliko mlango, vidole vitupu vimeshika zebaki ya kunasia dhahabu juu ya karai, anacheka.

Ulikuwa mkutano wa kimataifa wa kulinda wanyonge, pale Kahama, na mimi nimeitwa kutoka machimboni nije kushukuru. Chini ya picha wameandika: "Tumewafikia."

Kweli walimfikia. Walikuja kwetu machimboni Segese siku moja, wakampiga picha, wakaahidi glavu. Glavu zenyewe hatujaziona mpaka leo. Mikono ikaanza kumtetemeka, mwisho hata kijiko cha uji hakishiki. Tulimzika bila picha mbele ya jeneza, maana hatukuwa nayo hata moja.

"Shikamoo mzee. Ukiitwa, ongea kwa kifupi," binti wa mapokezi akaniambia. "Halafu utabasamu."

"Marahaba. Picha ile naondoka nayo."

"Hiyo ni mali ya mradi, baba."

"Na huyo mwanamke ni mali ya nani?"

Mwenyekiti akanitaja, wakubwa wakapiga makofi.

Nikakipita kipaza sauti hadi kwenye picha, nikatoa kisu changu cha kukatia viroba vya mawe, nikaanza kumtoa, kidole kimoja kimoja, kwenye karai lao.