Nyama ya Jumapili

Gacheri hakuwahi kufika chooni. Alitapikia kwenye sinki ya jikoni, juu ya vikombe vya chai ya asubuhi, na wenzake watatu wakageuza nyuso.

"Punda," Wendy alirudia, kana kwamba kuna mtu ambaye hakusikia. Mkononi alishika mfupa aliouzungushia gazeti. "Niliuona kwa sufuria nikashangaa, nikampelekea mwalimu Wario. Huyo hufundisha mifugo miaka yote. Amesema mbuzi hana mguu kama huu."

Talaso alikuwa ameketi sakafuni akisugua ulimi kwa ncha ya mtandio wake. Alisugua mpaka damu ikatoka kidogo. "Na mimi nilikula sahani mbili," alisema. "Nikaomba na mchuzi."

Wote wakamtazama Emanikor.

Walikuwa wasichana wanne wa chuo kimoja cha ufundi mjini Isiolo, wakikaa chumba kimoja cha hosteli na kutumia jiko moja. Mwanzoni mwa mwaka hawakuwa wakisalimiana. Kila mmoja alificha unga wake chini ya kitanda, na sufuria chafu zilikaa mpaka zikaota ukungu kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa mabaki ya mwenzake. Gacheri, aliyechaguliwa mwenyekiti wa hosteli, ndiye aliyeleta wazo la chakula cha Jumapili: mmoja analeta, wote wanakula sinia moja. "Tukila pamoja tutaacha kunusana," aliwaambia. Na kweli waliacha. Talaso alimfundisha Wendy kupika chai ya maziwa ya ngamia. Wendy alimsuka Emanikor nywele.

Jumapili hii ilikuwa zamu ya Emanikor. Alirudi kutoka kwao Ngaremara Jumamosi na ndoo ya nyama ya mbuzi. Baba yake alikuwa amemwita jirani Mwislamu aje kuchinja, ili Talaso naye ale bila wasiwasi. Gacheri alimpokea ndoo mlangoni. "Umechoka na safari," alisema. "Enda upumzike, nitapika mimi."

Walikula mpaka wakalamba vidole. Emanikor peke yake hakugusa nyama.

Sasa sinia lilikuwa bado mezani, mafuta ya jana yameganda juu yake, manjano, na nzi wamezama ndani. Harufu yake ilijaa jikoni. Wendy alilisukuma kwa kiwiko likaanguka chini.

"Kwenu mnakula punda, hilo tunajua," alimwambia Emanikor. "Lakini si ungesema tu? Kwani sisi ni fisi?"

"Baba alituma mbuzi," Emanikor alijibu.

"Na mbona wewe hukula?"

Emanikor alimwangalia Gacheri, ambaye alikuwa bado ameinamia sinki.

"Sikuwa na njaa," alisema.

Talaso aliinuka. Alichukua kikombe cha Emanikor, sahani yake na kijiko chake, akivishika kwa kitambaa kama mtu anayebeba panya aliyekufa, akavitupa nje dirishani. "Ulinitajia jina la Mungu," alisema. "Uliniambia mnyama amechinjwa na Mwislamu. Nikakuamini."

"Tusimhukumu," Gacheri alisema, akijipangusa mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Labda hata nyumbani walidanganywa. Hatujui. Ninaomba tu haya mambo yaishie hapa hapa. Yakifika kwa matroni, hosteli yetu yote itanuka."

"Wewe una huruma mpaka inakuumiza," Wendy alimwambia. "Mimi siwezi kulala chumba kimoja na huyu. Nikifunga macho ninaona masikio."

Hakuna aliyemfukuza Emanikor kwa maneno. Lakini alipoketi kitandani, Talaso alivuta kitanda chake mpaka ukutani. Alipochota maji kwenye pipa, Wendy aliyamwaga yaliyobaki. Kabla ya adhuhuri alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba.

Gacheri peke yake ndiye aliyemsaidia kubeba mizigo. Wale wawili walisimama dirishani wakiwatazama wakivuka uwanja, mwenyekiti wao akiwa amejitwika sanduku la chuma, vumbi likimfuata. "Huyo msichana ana roho nzuri," Talaso alisema. Wendy aliitikia kwa kichwa.

Langoni walingoja pikipiki. Gacheri alitua sanduku, akamshika mwenzake bega.

"Pole sana, dadangu. Nitaongea nao polepole. Wakisahau, utarudi."

Emanikor aliutoa ule mkono begani mwake.

"Tangu asubuhi ninangoja useme," alisema.

"Niseme nini?"

"Mbuzi wa baba uliwamwagia mbwa nyuma ya jikoni. Nilikuona, Gacheri, umeziba pua kwa kuwa ni nyama ya kwetu. Hiyo nyama mliyokula uliinunua wewe."