Maji Yasiyotakata

"Sponji kubwa ya kuchujia kama unayoitaka haipatikani, mzee," fundi alisema, amepiga magoti mbele ya tangi la samaki. "Nimezunguka mji mzima mpaka soli zimelika."

Ulikuwa uongo mtupu. Sponji ilikuwapo. Asubuhi ile ile muuza samaki alikuwa ameiweka juu ya kaunta: nene, nyeusi, ndefu kama mkate mzima, imekwisha kutiwa bomba lake katikati. "Hii ukiizamisha mle, wiki haipiti, maji yanang'aa," alisema. Fundi akaisukuma pembeni, akaomba kipande cha sponji ya kawaida na mpira wa kupitishia hewa.

Muuza samaki akamkazia macho. "Yule mzee ni mteja wangu tangu ana nguvu zake. Siku hizi akili zimemhama, na wewe unalijua hilo. Kila siku uko kwake, na kila siku maji ni machafu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alilipa. Alibeba vitu vyake akatoka.

Sasa alikuwa sakafuni sebuleni, ameikata sponji kwa kisu cha mkate, anatoboa bomba la plastiki kwa msumari uliopashwa moto. Alifanya kazi polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asichotaka kiishe. Mzee alikuwa ameinama kwenye kiti chake, anafuatilia kila tundu.

"Hilo umelipotosha, bwana fundi."

"Basi nishikie wewe. Mimi macho yangu ya kukodi."

Mzee akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni. Akalishika bomba kwa mikono miwili. Vidole vyao vikagusana, wala hakuna aliyeviondoa.

"Unajua kwa nini nataka maji yatakate?" mzee aliuliza. "Mke wangu yuko njiani. Alikwenda kwa dada yake. Samaki hawa tuliwachagua pamoja, mmoja mmoja. Akirudi akawakuta wamekufa, nitamwambia nini?"

"Utamwambia ulijitahidi."

"Wewe humjui." Akatabasamu. Halafu uso ukambadilika, akasogea karibu, akanong'ona. "Ila kuna mwanamke mwingine. Anaingia humu ndani. Anafungua makabati, anashikashika nguo za mke wangu, anajifanya wa hapa. Juzi nimemtandika kwa mkongojo. Hajakoma."

Msumari ukasimama. "Amekuibia kitu?"

"Bado. Ananisoma kwanza. Nikimpata tena, hatoki mzima. Na wewe ukimwona, nikamatie."

"Nitakukamatia, mzee," fundi alisema bila kuinua uso.

Nyuma ya jiwe, samaki mmoja wa rangi ya chungwa alikuwa anaelea ubavu juu. Fundi akamwopoa kwa kiganja, akamtumbukiza mfukoni kabla mzee hajaona. Hakuwa wa kwanza.

Kisha akaitoa sponji ya zamani. Ilikuwa imeshika utelezi wa kahawia, ule utelezi wenye uhai unaosafisha maji, na kila mfuga samaki anajua kwamba sponji ya namna hiyo husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe. Fundi akaenda nayo jikoni, akafungulia maji ya bomba yenye dawa ya kuua vijidudu, akaikamua na kuikamua mpaka haikubaki na uhai wowote. Alijua anachokifanya. Maji yakitakata, nani atamhitaji fundi?

Akarudi, akazifunga mbili pamoja, mpya na ile iliyouawa, akazizamisha kwa kipande cha kigae na kuwasha pampu. Mapovu yakapanda. Mzee akapiga makofi.

"Kesho yatakuwa safi?"

"Kesho bado. Nitapita tena kuangalia."

"Upite mapema. Katika nyumba hii wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini."

Fundi akaanza kukusanya vifaa. Mzee akamgusa bega. "Kaa kidogo, bwana fundi. Kazi haitakimbia."

Akakaa. Wakawatazama samaki waliobaki wakizunguka katika maji yenye ukungu, mpaka jua likahama dirishani. Mzee akajishika tumbo.

"Njaa imeniuma."

Fundi akageuka haraka. "Nikuletee chakula? Naweza kukuwekea mezani sasa hivi."

"La. Mimi hula cha mkono wa mke wangu tu. Ataniletea mwenyewe."

Fundi alitia vifaa vilivyobaki ndooni, kimoja kimoja. Mwisho akainuka, akaaga, akatoka kwa mlango wa mbele na ndoo yake.

Hakwenda mbali. Alizunguka nyumba, akatazama kama kuna jirani anayemwona, akaufungua mlango wa nyuma kwa ufunguo aliokuwa nao shingoni. Jikoni akavua kofia, nywele zake za mvi zikamwagika mabegani. Akavua ovaroli, akavaa gauni, akarudisha kidoleni pete aliyovishwa na mzee yule siku ya ndoa yao. Akapakua chakula. Akasimama mlangoni pa sebule, sahani mkononi, akajaribu kutabasamu.

"Fundi!" mzee alipiga kelele, akiupapasa mkongojo wake. "Bwana fundi, rudi upesi! Ameingia tena!"